Baiskeli ya kwendea kazini: soma namba ya tairi kwanza

SWALI: Mafundi, habari za kazi. Naishi Ubungo, kazini ni Kariakoo. Nataka baiskeli ya haibridi, yaani ile ya katikati: si nzito kama za milimani, wala si ya tairi jembamba kama za mashindano. Uwezo wangu ni laki tatu na nusu, sina nyongeza. Kuna muuzaji wa mtumba ana mbili kwa bei moja. Ya kwanza inang'aa, ina shokapu mbele na breki za diski. Ya pili rangi imechoka, foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) haina shokapu, breki ni zile za kubana ringi. Zote zina gia 21. Nichukue ipi? (Msomaji wa Ubungo)

JIBU: Nzuri, karibu. Kama fremu ya ile ya pili ni nzima, beba hiyo pamoja na rangi yake iliyochoka. Shokapu ya baiskeli ya bei hii kwa ndani ni springi na bushi za plastiki, basi. Inaongeza zaidi ya kilo moja mbele na kula nguvu zako kila unaposimama kukanyaga. Vumbi likishaingia, bushi zinalika, foku inaanza kucheza, na usukani unatetemeka ukishika breki. Bushi zenyewe ni shida kuzipata. Mara nyingi utaishia kubadilisha foku nzima. Diski za waya nazo zina usumbufu wake: kisahani kikipinda kidogo tu kinakwaruza njia nzima, na raba zake zina maumbo mengi, lako huenda usilikute dukani. Raba za breki za kubana ringi zimejaa kwenye maduka ya vipuri na unazibadilisha mwenyewe kwa alenki namba 5.

Lakini kabla ya breki, kabla ya gia, inama usome ubavu wa tairi. Hapo ndipo watu wengi wanaponunua matatizo. Haibridi nyingi zina tairi lililoandikwa 700 × 35C au 28 × 1⅝ × 1⅜, na pembeni kuna namba ndogo: 37-622. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Hiyo ya pili ndiyo yenye amri. Baiskeli zetu za miaka yote, Phoenix na wenzake, nazo tunaziita za 28, lakini tairi lake ni 28 × 1½ na namba yake ni 635. Tofauti ni milimita 13. Tairi la 635 ukilivalisha kwenye ringi ya 622 litaingia bila hata kutumia nguvu, kisha ukijaza upepo linachomoka. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii ni 28, tairi zipo kila mahali", mwombe akuonyeshe tairi lenye namba 622.

Tyubu haina shida kiasi hicho. Tyubu nyingi za 28 zinaingia kwenye 622 na 635, mradi upana ukaribiane. Kitu cha kukagua ni tundu la nozeli kwenye ringi. Tundu pana, kama milimita 8.5, linapokea nozeli nene inayofanana na ya pikipiki, ambayo utaijaza popote, na linapokea pia ile ya baiskeli za zamani. Tundu jembamba la 6.5 linataka nozeli nyembamba ya Kizungu, ambayo pampu za mtaani haziishiki. Ringi ikiwa na upana wa kutosha fundi anaweza kulitoboa lifike 8.5 na kulainisha kingo, ila hilo lifanyike kabla hujakwama barabarani.

Kama haibridi uliyoipenda ina tairi la 622 na unaishi mahali ambapo kulipata ni kazi, kuna njia nyingine ambayo sisi tunaiheshimu sana: chukua baiskeli ya milimani ya zamani yenye foku isiyo na shokapu na ringi za 26, namba 559, kisha toa matairi ya meno uweke ya mgongo laini yenye upana wa inchi 1.5 hadi 1.75. Unapata mwendo unaokaribia wa haibridi, na tairi la 559 limeenea Afrika Mashariki nzima.

Sasa pesa. Usizimalize zote kwa muuzaji. Weka laki mbili na nusu kama kikomo cha baiskeli. Laki moja inayobaki ni ya raba za breki, waya zote nne, pengine cheni, grisi ya habu (kitovu cha gurudumu), kufuli imara na taa. Mtumba uliokaa kwenye kontena na baadaye juani hutoka na waya kavu na tairi lenye nyufa, hata kama halijawahi kutembea.

Siku ya kwenda kukagua chukua rula ya sentimita 40, kipande kirefu cha uzi na kismaku. Nenda mchana.

Anza na fremu. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, pale linapoungana na bomba la usukani. Ukihisi mkunjo, au rangi imejikunja, baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Iache, hata wakishusha bei. Tazama nyufa kwenye maungio ya pedali na kwenye meno yanayoshika gurudumu la nyuma. Halafu funga uzi kwenye jino moja la nyuma, uzungushe mbele ya bomba la usukani, uurudishe jino la upande wa pili, uuvute. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti, kushoto na kulia. Zikipishana zaidi ya milimita 3, fremu imepinda na itakuvuta upande mmoja kila siku.

Legeza bolti ya siti na uzungushe bomba lake. Lisipozunguka, limegandana na fremu. Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, kwenye hewa ya chumvi ya pwani, huungana kabisa, na kulitoa kunaweza kuharibu fremu. Hiyo ni sababu tosha ya kuondoka.

Magurudumu: inua, zungusha, na utumie raba ya breki kama kipimo. Kuyumba kwa milimita 2 fundi anabalansi kwa dakika chache. Kuyumba sana huku spoki nyingine zimelegea kabisa maana yake ringi yenyewe imepinda. Minya spoki mbilimbili upande wa friwili (rundo la sproketi za gurudumu la nyuma), kwa sababu huko ndiko zinakokatika. Papasa uso wa ringi unapobanwa na raba. Ukihisi umebonyea kama kisahani, ukuta umelika na siku moja utapasuka kwa upepo. Kismaku ni cha hapa. Kikishika, ringi ni ya chuma, na ringi ya chuma ikilowa breki inachelewa mno kushika. Kwa mvua za masika, taka aluminiamu.

Cheni ipime, usiiangalie kwa macho. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, hesabu vipande 24. Cheni mpya inatoa sentimita 30.5. Ikifika 30.6 badilisha cheni peke yake. Ikifika 30.8, friwili imeshalika nayo, na ukiweka cheni mpya itaruka meno kila ukikanyaga kwa nguvu. Hapo omba bei ishuke.

Mwisho shika krenki zote mbili (mikono inayobeba pedali) uzitikise kushoto kulia, kisha bana breki ya mbele na usukume baiskeli mbele nyuma huku kidole kikiwa kwenye maungio ya usukani. Mchezo mdogo ni gololi na grisi. Lakini krenki ya aluminiamu ikicheza yenyewe kwenye ekseli, tundu lake limeshapanuka na kukaza hakutasaidia, inabadilishwa.

SWALI: Mimi ni dada wa futi 5 na inchi 4. Kila baiskeli ninayojaribu naumia mgongo au magoti. Nitajuaje saizi yangu kabla sijalipa? (Msomaji wa Ilala)

JIBU: Dada, magoti na mgongo vina sababu tofauti. Magoti mara nyingi ni siti iliyo chini. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama. Ukikanyaga baadaye kwa mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo kidogo unaotakiwa. Kwenye bomba la siti kuna mstari wa mwisho wa kupandisha. Ukilazimika kuupita, fremu ni ndogo kwako.

Mgongo ni umbali wa usukani. Siti unaweza kuisogeza sentimita chache, lakini fremu ndefu haifupiki. Kwa kimo chako anza na fremu za inchi 15 hadi 17, zinazopimwa kutoka katikati ya krenki hadi juu ya bomba la siti. Ukisimama juu ya bomba la kati uache nafasi ya sentimita 3 au zaidi. Fremu ya bomba la kushuka, inayoitwa ya kike, haina kipimo hicho, hivyo hapo amua kwa mikono: viwiko vibaki na mkunjo mdogo ukishika usukani. Usikubali kauli ya "utaizoea".

SWALI: Natoka Kawangware hadi Upper Hill, Nairobi, na kuna vilima. Haibridi niliyopewa ina sproketi moja mbele ya meno 42, na nyuma meno 14 hadi 28. Inatosha? (Msomaji wa Nairobi)

JIBU: Kaka, kwa mzigo wa begi na kilima kirefu, hapana. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma: 42 kwa 28 ni 1.5, na hiyo ndiyo gia yako nyepesi kabisa. Tafuta inayofika 1 au chini yake. Seti ya kawaida ya sproketi tatu, 48, 38 na 28, na friwili yako hiyohiyo, inakupa 1 kamili. Friwili ya hadi meno 34 inashuka mpaka 0.82. Kama fremu unaipenda, bei nafuu ni kupunguza mbele hadi meno 36 na kuweka ya 34 nyuma, upate 1.06 iliyo karibu na 1, ukihakikisha mkono wa gia ni wa aina ndefu unaoweza kulifikia jino hilo.

SWALI: Nimenunua baiskeli ya Kijapani yenye kikapu. Tairi limeandikwa 26 × 1⅜, duka linanipa 26 × 1.95 na halikai. Fundi anasema tulilazimishe. (Msomaji wa Unguja)

JIBU: Msililazimishe. Lako ni 590, hilo ni 559, na milimita 31 hazivutiki. Ulizia 37-590 kwa wanaouza baiskeli za Kijapani, maana wao ndio wanaozitengeneza kila siku, na ukipata nunua mawili.

SWALI: Napata pancha kila wiki na kila mara matundu ni mawili yaliyokaa jirani. Nina uzito wa kilo 75, tairi ni 700 × 40C. (Msomaji wa Mbagala)

JIBU: Matundu mawili jirani ni tyubu kubanwa kati ya ringi na ukingo wa barabara. Upepo hautoshi. Jaza psi 55 nyuma na 45 mbele, upime kila wiki kwa geji, maana kubonyeza kwa kidole gumba kunadanganya. Tundu likiwa moja tena upande wa ndani, vua tairi uangalie utepe unaofunika vichwa vya spoki; ukihama tu, kichwa kimoja kinatosha kutoboa tyubu mpya siku hiyohiyo.