Mmisionari Wenu Atakula Nini Januari?

Jumapili ya misheni katika usharika wetu hapa Arusha ni tamu. Kwaya zote zinaimba, mkungu wa ndizi ambao sokoni ungeuzwa elfu kumi na tano unafika laki moja, na jogoo mmoja ananunuliwa na kurudishwa mnadani mpaka naye anachoka. Wiki inayofuata mchungaji anatangaza jumla, watu wanapiga makofi. Mimi niko kwenye kamati ya misheni na uinjilisti, na kila mnada ukiisha huwa nawauliza wenzangu swali moja: Januari atakula nini?

Januari ndipo sadaka inaposhuka. Wazazi wako kwenye ada na sare za shule, Krismasi imekausha mifuko, bahasha za ahadi hazirudi. Mwinjilisti aliyeko Simanjiro hajui habari hizo. Yeye anajua tu kwamba gunia la mahindi limepanda bei na simu haijaleta ujumbe.

Ndiyo maana ushauri wangu mkubwa ni huu, na ukiishia hapa utakuwa umepata nilichokuja kusema: chagueni kiasi mnachoweza kukitoa kila mwezi bila kukosa, hata kama ni kidogo, na kitumwe tarehe ileile. Laki mbili inayofika kila tarehe 28 inamsimamisha mtu kuliko milioni tatu zilizokuja kwa shangwe baada ya Pasaka, kisha kimya. Mhasibu ataniambia laki mbili kwa mwaka hazifiki hata milioni mbili na nusu. Ni kweli. Lakini mwenye tarehe anakopesheka dukani, anapangishwa nyumba, anajua ni lini atampeleka mtoto hospitali. Mwenye milioni tatu za mara moja amelipa madeni nazo, sasa ameanza mengine.

Fedha za mnada basi zisiondoke zote siku ile. Wekeni pembeni za kutosha miezi mitatu, ndizo zitakazovuka Januari. Zilizobaki ziwe za nauli, matibabu na bima ya afya. Na mkituma kwa simu, tafadhali, tumeni na ya kutolea. Nimeona kanisa zima linamkata mtumishi makato ya wakala mwaka mzima bila mtu kufikiria.

Kuna ugumu mmoja hausemwi kwenye vikao. Washarika wengi, hasa wazee wetu, wakisikia mmisionari wanamwona mzungu mwenye Land Rover, kwa hiyo wanajua kuna watu Ulaya wanaomlipa. Kijana wa Kitanzania akisimama mbele na kusema anakwenda misheni, wanamwombea, wanarudi kukaa. Hapo huwa nawakumbusha habari za huku kwetu. Wamisionari wa Leipzig, shirika la Kilutheri la Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baada ya Vita vya Kwanza, mwaka 1920, Waingereza wakawaondoa Wajerumani, na Leipzig hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1920. Kule vijijini walioendelea kushika ibada na mafundisho walikuwa walimu wenyeji. Anayetaka Maandiko asome Wafilipi sura ya nne: Paulo yuko Thesalonike, na kanisa la Filipi, halikuwa la matajiri, linampelekea msaada si mara moja.

Kwa wanaotuma nje ya nchi mambo yanaongezeka. Sisi tunashirikiana na usharika jirani kuitunza familia moja huko Nampula, kaskazini mwa Msumbiji. Benki hukata ada karibu ileile utume kidogo au kingi, kwa hiyo tunatuma ya miezi mitatu kwa pamoja. Itumwe kabla ya miezi hiyo kuanza, isiwe baada. Wekeni pia fungu la vibali vya kuishi, kwa sababu vinaisha na kulipiwa upya, na hakuna anayevikumbuka kwenye bajeti.

Kisha kuna lugha. Nampula unahitaji Kireno ofisini na shuleni kwa watoto, halafu Kimakua kwa majirani. Mtu mzima anayejifunza lugha mbili, mwaka wa kwanza hana cha kuripoti. Na sisi tunapenda ripoti! Wamebatizwa wangapi? Jengo limefika wapi? Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846, akaishi huko hadi 1875, akarudi Ujerumani akiwa kipofu na kufariki mwaka uliofuata. Muda mwingi alikuwa na makaratasi ya kamusi mezani, na waliobatizwa katika miaka hiyo yote walikuwa wachache sana. Angekuwa chini ya kamati zetu tungemrudisha kabla ya mwaka wa tatu. Mwulizeni mmisionari wenu analala vizuri? Watoto wamepata marafiki? Mkipata ujumbe wa sauti wa dakika tano kwa WhatsApp, hiyo ni ripoti. Na picha za watu wake msizirushe Facebook bila kumwuliza. Tangu mwaka 2017 mkoa jirani wa Cabo Delgado una mashambulizi, waliokimbia wamefika hadi Nampula, na yeye ndiye anayejua picha ipi inamhatarisha nani.

Mkienda kuwatembelea wale wa ndani ya nchi, nendeni wachache na mbebe chakula chenu. Coaster iliyojaa wanakwaya inaweza kumaliza mbuzi, mchele na sukari ya mwezi mzima, halafu ikaondoka ikiimba. Mwenyeji hatasema kitu. Atatabasamu, "karibuni tena wapendwa." Pia achaneni na maboksi ya nguo zilizowashinda nyumbani. Ulizeni wanahitaji nini, mara nyingi mtajibiwa kitu kisichopendeza kutangaza madhabahuni, kama tairi la pikipiki au betri ya sola.

Mama wa nyumba ile asisahaulike. Mume ana barua ya uteuzi, ana cheo, anaandikiwa na ofisi. Mama amefungasha maisha yake kumfuata, na hakuna anayemwuliza lolote. Kwetu kina mama wa usharika wana mmoja anayempigia yeye tu, wanaongea yao, na mara mbili tatu taarifa za ugonjwa nyumbani mle zimetufikia kwa njia hiyo wakati baba anaandika kwamba wote ni wazima.

Yote haya yawekwe kwenye barua moja yenye sahihi za pande zote kabla hajapanda basi: kiasi, tarehe, muda wa utumishi, nani analipa akiugua, likizo ni lini. Barua hiyo iseme pia akirudi itakuwaje, maana anarudi hana shamba lililolimwa wala kazi inayomngoja, na watoto wameingia darasa la lugha nyingine. Miezi sita ya posho baada ya kurudi ni haki yake. Na siku kamati ikiona fedha hazitatosha, mwenyekiti ampigie mapema, miezi miwili kabla, amwambie wazi. Asije akaijua habari hiyo kwa wakala.