Mfuko wa Aldi Uliojaa Barua

Wadogo zangu mnaoshuka Frankfurt kwa Ausbildung (mafunzo ya kazi), kwa kazi za wodini na kwa masomo, salamu. Kila mwaka baridi ikikaza, kuna mmoja wenu hubisha hodi kwa mtu aliyemtangulia akiwa amebeba mfuko wa duka la Aldi. Ndani mna barua za miezi minane, nyingi hazijafunguliwa. "Kaka, hebu niangalizie, Kijerumani cha barua sikiwezi." Huyo huyo mtihani wa Kijerumani wa B2 kapita, na kazini anaelewana na vibibi vya Bavaria ambavyo hata Wajerumani wa Hamburg hawavielewi. Bahasha ndiyo imemshinda. Mwaka jana alikuwa mwingine, na mfuko ulikuwa wa Lidl.

Basi nayaandika, ili mwakani atakayekuja aje na habari nyingine.

1. Jina kwenye sanduku la barua. Siku ya kuhamia, kabla hujatandika kitanda, bandika jina sandukuni na kwenye kengele. Liwe jina la ukoo kama lilivyo kwenye pasipoti, si lile unaloitwa nyumbani. Sisi wa majina matatu ndio tunaumia hapa: Juma Hamisi Ally kwa Wajerumani ni Herr Ally, na tarishi akikuta kibao kimeandikwa "Juma" barua anairudisha ilikotoka. Anmeldung, yaani kujiandikisha makazi, ifanyike ndani ya wiki mbili za kuhamia, nawe ubebe Wohnungsgeberbestätigung, uthibitisho wa makazi uliosainiwa na mwenye nyumba, maana mkataba wa pango peke yake hautoshi. Wiki chache baadaye namba ya kodi, Steuer-ID, inakuja kwa posta. Ikipotea, mwajiri asipokuwa nayo anakukata kwa daraja la kodi la 6, lenye makato makubwa kuliko yote, na slipu ya kwanza ya mshahara utadhani umeibiwa. Hujaibiwa. Ukiipeleka namba, hesabu hurekebishwa. Lakini kodi ya nyumba haisubiri marekebisho.

2. Swali la dini. Pale kwenye Anmeldung kuna sehemu ya dini, na wengi huijaza kama wanajaza fomu ya harusi, kwa fahari. Ukiandika Katoliki au Mlutheri, umeingia kwenye kodi ya kanisa: asilimia 8 ya kodi yako ya mapato ukiwa Bavaria au Baden-Württemberg, asilimia 9 kwingineko. Si asilimia ya mshahara, ni ya ile kodi. Ukikatwa kodi euro 200 kwa mwezi, kanisa linachukua 18. Kama wewe ni muumini wao na unakubali, lipa kwa roho safi. Kinachonichekesha na kunikera ni ndugu zetu wa makanisa ya kipentekoste wanaotafsiri "Kiinjili" kuwa "evangelisch". Neno hilo huku maana yake ni kanisa la Kiprotestanti linalotoza kodi. Wewe useme "freikirchlich", yaani wa kanisa huru. Ukishanasa, kutoka kunahitaji kwenda mwenyewe mahakamani au ofisi ya usajili, kutegemea jimbo, na sehemu nyingi ada ni karibu euro 30. Mkatoliki anayetoka ajue pia kwamba parokia inaihesabu hatua hiyo kuwa ameliacha kanisa lenyewe, na sakramenti zinakuwa tatizo.

3. Barua. Hapa nitakaa, kwa sababu hili ni kosa letu sote. Waliotangulia wanaojifanya wajanja leo, waulizeni walikuwa wanaficha wapi mfuko wao.

Huanza na kitu kidogo. Mtu anajiunga na gym mwezi Januari, euro 30 kwa mwezi, mkataba wa miezi 24. Aprili rota imebadilika, zamu za usiku zimemchosha, haendi tena. Kichwani mwake kutokwenda ndiyo kuacha. Anafungua akaunti benki nyingine, ile ya zamani anaiacha tupu, makato yanagonga mwamba. Inakuja Zahlungserinnerung, barua ya upole kabisa, karibu ikuulize hali. Kisha Mahnung, yenye ada juu. Kisha kampuni ya kukusanya madeni, Inkasso, ambayo nayo inaongeza gharama zake. Mpaka hapo mlango bado uko wazi: unapiga simu, unaomba Ratenzahlung, mnakubaliana euro 40 kila mwezi, mambo yanaisha. Yeye hapigi. Barua anaiweka mfukoni, mfuko anauweka nyuma ya mlango.

Kwa nini? Kwa sababu nyumbani deni lina sura. Mwenye duka anakupigia, anakutumia mtoto, anapita mwenyewe jioni, mzee mmoja anawakalisha mnazungumza. Mdai akinyamaza, tunajua bado ana subira. Tumekuja na masikio hayo. Huku mdai hapandishi sauti hata siku moja, anahesabu siku tu. Pia kuna aibu: kuogopa kuisoma barua tukajidanganya kwamba isiyofunguliwa haijafika. Kisheria imefika ilipotumbukia sandukuni.

Halafu inakuja ya njano. Bahasha ya njano ni ya kukabidhiwa rasmi, na tarishi huandika juu yake kwa mkono tarehe aliyoileta. Usiitupe bahasha yenyewe! Siku zinahesabiwa kuanzia tarehe ile. Ndani mara nyingi mna Mahnbescheid, amri ya kulipa inayotoka mahakamani, na ndipo watu hudhani mahakama imeshawahukumu. Haijahukumu kitu. Mdai amejaza fomu, mahakama imeipitisha bila kuchunguza kama kweli unadaiwa. Una wiki mbili za kupinga. Fomu ya Widerspruch imo humo humo; unatia alama, unasaini, unarudisha. Huulizwi sababu, hulipi ada. Baada ya hapo mdai akitaka kuendelea ni lazima athibitishe madai yake kwenye kesi. Angalizo: kama deni ni la kweli na unalijua, usipinge kwa ajili ya kununua muda, gharama za kesi zitakurudia. Pigia simu upange malipo. Kama sehemu tu ndiyo ya kweli, fomu inakuruhusu kupinga sehemu nyingine.

Ukinyamaza wiki hizo mbili, mdai anaomba Vollstreckungsbescheid, amri ya kukazia deni. Bahasha ya njano tena, wiki mbili nyingine, na hizo ndizo za mwisho. Zikipita, karatasi ile ina nguvu ya hukumu kwa miaka 30. Mdai anaweza kumtuma dalali wa mahakama, anaweza kuzuia akaunti yako, anaweza kumpelekea mwajiri amri ya kukata mshahara, na ofisi nzima ya utumishi ikajua habari za gym yako. Schufa, rekodi yako ya madeni, inachafuka, na Schufa ikichafuka tafuta nyumba Munich uone. Yote haya kwa gym ambayo ingesitishwa kwa barua moja mkataba ukifika mwisho, au kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo.

Akaunti ikishazuiwa, nenda benki siku hiyo hiyo uombe igeuzwe kuwa P-Konto, akaunti iliyolindwa. Wana siku nne za kazi za kufanya hivyo, na kiasi cha kuishi kitalindwa. Kisha nenda Schuldnerberatung, ushauri kwa wenye madeni, wa mashirika ya Caritas, Diakonie au AWO, ni bure. Usiende kwa binamu anayejua kila kitu.

Barua nyingine inayodhaniwa kuwa tangazo ni ya Beitragsservice, ile michango ya redio na televisheni: euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, uwe na televisheni au usiwe nayo. Mkiishi watu wanne analipa mmoja, wengine wanatoa namba yake. Hawa hata mahakama hawaihitaji, barua yao ya Festsetzungsbescheid yenyewe inatosha kukushurutisha ulipe.

Barua za kawaida za ofisi za serikali, tangu 2025, huhesabiwa kuwa zimekufikia siku ya nne baada ya kutumwa. Uamuzi wa Finanzamt, ofisi ya kodi, una mwezi mmoja wa kupinga. Kwa hiyo fungua barua kila siku, andika juu yake tarehe uliyoipokea, duarishia tarehe ya mwisho kwa kalamu nyekundu. Usipoelewa, ipige picha kwa simu itafsiriwe. Vibaya itatafsiri, lakini neno "Frist", muda wa mwisho, utaliona.

4. Kuacha kazi au nyumba ni kwa karatasi na wino. WhatsApp haiachishi kazi na haihamishi mtu. Binti mmoja alimwandikia bosi wake usiku, kwa adabu zote, kwamba kuanzia kesho haji. Kisheria hakuwa ameacha, alikuwa mtoro. Notisi ya nyumba kwa mpangaji ni miezi mitatu, na barua imfikie mwenye nyumba kabla ya siku ya tatu ya kazi ya mwezi kupita, la sivyo mwezi huo hauhesabiwi. Nawe ukifukuzwa kazi, hata kama unaona wamekosea, una wiki tatu tu za kufungua shauri mahakama ya kazi. Usisaini Aufhebungsvertrag, mkataba wa kuachana kwa makubaliano, pale pale ofisini kwa sababu mkuu wako katabasamu: unaweza kukaa wiki 12 bila fedha ya kukosa kazi. Mwenye kibali cha kazi ana jambo la ziada: kazi ikiisha mapema, Ausländerbehörde, ofisi ya wageni, ijulishwe ndani ya wiki mbili.

5. Kibali cha ukaazi. Omba kuongezewa kabla hakijaisha, hata ikiwa ni jana yake, na ushahidi wa kuomba utunze. Termin, yaani miadi, inaweza kuchukua miezi, kwa hiyo kilicho muhimu ni ombi kuwa limefika. Ukiwahi, unapewa Fiktionsbescheinigung, karatasi ya muda, na haki zako za zamani zinaendelea, kazi ikiwemo. Ukichelewa hata siku moja, haki ya kufanya kazi inasimama na mwajiri hana budi kukutoa kwenye rota. Kabla hujakata tiketi ya Nairobi au Dar ukiwa na karatasi hiyo, angalia kisanduku kilichotiwa alama: kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, aya ya 4, unasafiri na kurudi, aya ya 3, ukitoka huingii nayo tena. Na pasipoti: kadi haipewi muda unaozidi uhai wa pasipoti, kwa hiyo shughulikia ubalozini Berlin mwaka mzima kabla.

Kuna wanaokwenda nyumbani kusimamia ujenzi. Fundi anasema miezi miwili, na nyote mnawajua mafundi. Ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi sita bila ruhusa ya awali, kibali cha kawaida kinakufa chenyewe, hata kama kadi imeandikwa mwaka 2029. Mwenye Blue Card, kibali cha Ulaya cha wataalamu, ana miezi 12.

6. Madogo madogo. Leseni yetu inatumika miezi sita tangu uanze kuishi huku. Baada ya hapo ni mtihani wa nadharia na wa barabarani, hata kama umeendesha daladala miaka kumi. Ukiumwa, piga simu kabla ya zamu kuanza. ED ya daktari, cheti cha kupumzika, ni lazima ugonjwa ukizidi siku tatu, na mkataba unaweza kuidai tangu siku ya kwanza. Nyama na maziwa visiingie begini. Dirisha lifunguliwe wazi dakika tano mpaka kumi, mara kadhaa kwa siku, hata theluji ikianguka, maana ukipika ugali na kuanika nguo chumba kimefungwa ukuta unaota ukungu na fedha ya dhamana unaiaga. Dhamana hiyo haizidi kodi ya nyumba ya miezi mitatu bila gharama za ziada (Kaltmiete) na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Au pair, anayeishi na familia akiwalelea watoto: euro 280 za mfukoni, saa 30 kwa wiki, na hakuna "leo tu" ya kila siku. Fedha unazowatumia wazazi na unazotaka kuzidai kwenye kodi, tangu 2025 zipitie benki mpaka akaunti yao. Za kumpa mtu anayesafiri hazihesabiwi.

7. Kwa wanaokusudia kukaa. Hesabu miezi ya pensheni. Mchango ni asilimia 18.6, nusu yako, nusu ya mwajiri. Ukiondoka kabla ya kufikisha miezi 60 na ukatoka nje ya Umoja wa Ulaya, baada ya miezi 24 unaweza kudai nusu yako tu. Ukifikisha 60 hurudishiwi, ila uzeeni unalipwa pensheni hata ukiwa Tanga. Anayeondoka na miezi 57 kwa hasira za bosi ameniumiza kuliko wa gym. Makazi ya kudumu kwa mtaalamu yanaweza kupatikana baada ya miaka mitatu ya kibali cha utaalamu na miezi 36 ya michango, ukiwa na B1. Aliyesomea fani huku, miaka miwili.

Uraia sasa ni miaka mitano, na tangu Juni 27, 2024 Ujerumani haikulazimishi kuacha ule wa kwanza. Lakini hiyo ni Ujerumani. Mkenya anabaki na vyote viwili kwa Katiba ya 2010. Mtanzania na Mkongo, nchi zao haziruhusu, kwa hiyo wazungumze na familia, hasa habari za ardhi, kabla ya kufanya ule mtihani wa maswali 33 ambao ukipata 17 umefaulu.

Na wewe wa mfuko wa Aldi, njoo Jumamosi asubuhi. Zile za njano ziweke juu, pamoja na bahasha zake.