Anwani ya Kiarabu kwa duka la Muscat: chukua, ila barua pepe iache kwenye .om

Ndugu yangu, umeuliza kama duka lako la udi pale Muscat lichukue anwani ya herufi za Kiarabu inayoishia «عمان» (yaani Oman), au libaki na .om, kimalizio cha Oman kwa herufi za Kilatini. Natengeneza tovuti za wafanyabiashara wa hukohuko, na wateja wangu huwaambia wachukue zote mbili.

Sababu kubwa ni tahajia. Jina kama «الخير» likiandikwa Kilatini, huyu ataandika alkhair, yule alkheir, mwingine alkhayr. Mzee anayesoma Kiarabu vizuri kabisa anashindwa kukufikia kwa sababu ya herufi moja ya kigeni! Kwa Kiarabu jina ni lilelile, na ana haki ya kuliandika anavyolijua.

Chini kwa chini, majina ya tovuti hubebwa kwa a hadi z, tarakimu na kistari. Ndiyo maana ikawekwa Punycode mwaka 2003, njia ya kugeuza herufi nyingine ziwe hizo: «عمان» husafiri kama xn--mgb9awbf. Fundi wako ajue hilo, maana kwenye seva na kwenye cheti cha usalama ataandika hiyo xn--, na mteja akinakili kiungo kukituma WhatsApp mara nyingi hutoka hivyohivyo, akadhani ni cha matapeli. Waeleze wahudumu wako wawe na jibu.

Barua pepe ndiyo inayoniuma. Kanuni za kuruhusu anwani za herufi zote zipo tangu 2012, lakini fomu nyingi za benki na za usafirishaji bado huzikataa. Ankara usizihatarishe, zipitie .om.

Jambo jingine ni kibodi. ي ya Kiarabu na ی ya Kiajemi katikati ya neno hazitofautiki kwa macho, ila kwa kompyuta ni herufi mbili. Kabla ya kulipa, muulize msajili, yaani kampuni inayokuuzia jina la tovuti, kama jina lenye herufi pacha linazuiwa mtu mwingine asilichukue. Asipokuwa na jibu la wazi, tafuta mwingine.

Ukishasajili, anwani ya Kiarabu ifungue moja kwa moja ukurasa wako wa Kiarabu, si wa Kiingereza. Kwenye kibao cha duka iandike mstari wake peke yake bila https, kwa sababu Kilatini kikikaa nayo mstari mmoja mpangilio wa kulia kwenda kushoto huvurugika.