Konokono bapa ndani ya tangi la samaki

SWALI: Nilichuma majani ya majini ufukweni Ilemela nikayapanda katika tangi langu la samaki, sasa naona konokono wadogo bapa, waliojiviringa mfano wa sarafu. Je, wana madhara? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, samaki hawadhuriki, ila umbo hilo linafanana na la Biomphalaria, konokono wa Ziwa Viktoria anayeweza kubeba vimelea vya kichocho cha tumbo, ambavyo humtoka na kupenya hata ngozi isiyo na jeraha. Walioanguliwa tangini huwa salama, lakini kwa macho huwezi kuwatofautisha na waliotoka ziwani. Basi vaa glavu ndefu za mpira, uwaondoe wote pamoja na mayai yao yenye utelezi. Kwa kuwa umekwisha kuyagusa maji, kapime choo baada ya wiki 6 hadi 8; dawa yake, prazikwanteli, ipo.