Geuza Kiti Juu Chini Kabla ya Kushika Msumeno

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitumia siku zangu za mapumziko kutengeneza vitu vya mbao, si kwa ajili ya kuuza, bali kwa sababu sijapata kazi nyingine inayonituliza kama hiyo. Wanaoanza huniuliza mara kwa mara ninakopata mawazo ya kazi mpya, na wengi hutarajia niwaonyeshe picha. Ninapenda picha kama wao, lakini picha huonyesha sura tu, ilhali yanayomfaa fundi yamejificha nyuma ya droo, chini ya kiti, na kwenye pembe ambamo mguu hukutana na fremu. Kwa hiyo nikikuta kigoda au meza iliyodumu miaka mingi, huomba ruhusa ya kuigeuza juu chini, nikaipima na kuvichora viungo vyake daftarini.

Somo hilo nililipata kwa hasara. Meza yangu ya kwanza niliitengeneza kwa kufuata picha. Uso wake ulikuwa wa mbao nne pana zilizounganishwa kwa gundi, nami nikaukaza kwenye fremu kwa gundi na skrubu pande zote, nikiamini kwamba kitu kilichobanwa sana ndicho kilicho imara. Kiangazi kilipofika, uso ule ulipasuka karibu urefu wake wote. Sikujua wakati huo kwamba mbao, hata ikishakauka, huendelea kufyonza unyevu wa hewa na kuutoa, hivyo hutanuka na kusinyaa kwa upana huku urefu wake ukibaki karibu vilevile. Tena kusinyaa kwa kufuata mzunguko wa pete za mti ni takriban mara mbili ya kusinyaa kwa kuelekea kiini, na hiyo ni sababu mojawapo ya ubao kupinda unapokauka. Baadaye nilipochungulia chini ya meza moja ya zamani, niliona kwamba matundu ya skrubu zake yalikuwa yametobolewa marefu kwa kufuata upana wa mbao, ili uso upate nafasi ya kusogea. Hakuna picha ambayo ingenionyesha jambo hilo.

Nilikuwa nimekwisha kuamua kuivunja meza yangu niliposoma habari za George Nakashima, msanifu majengo aliyezaliwa Spokane, Marekani, mwaka 1905. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alizuiliwa pamoja na familia yake katika kambi ya Minidoka, jimboni Idaho, kama walivyozuiliwa Wamarekani wengine wengi wenye asili ya Kijapani, na humo kambini akafanya kazi na seremala Gentaro Hikogawa, aliyemfundisha mbinu za useremala wa Kijapani. Baadaye alisifika kwa meza ambazo nyufa zake hazifichwi, bali hushikwa kwa vipande vya mbao ngumu vyenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Habari hiyo ilinigusa sana, kwa kuwa nilikuwa nimeuona ufa kama mwisho wa kazi.

Ukitaka kujaribu kipepeo, kwanza ondoa kilichosababisha ufa. Mimi niliufungua uso, nikaachia gundi na kurefusha matundu ya skrubu, kwa sababu kipepeo pekee hakiwezi kushindana na ubao uliofungwa. Kichonge kipande chenyewe kabla ya tundu, nyuzi zake zikikatiza ufa, kisha kiweke juu ya ubao na kuchora kando yake kwa ncha ya kisu badala ya penseli. Unapochimba, anza ndani kidogo ya mstari na usogee taratibu kwa patasi iliyonolewa vizuri. Kina cha theluthi moja ya unene wa ubao kilinitosha.

Chanzo kingine cha mawazo ninachokipendekeza ni kiti namba 14 cha Michael Thonet, fundi wa samani mzaliwa wa Ujerumani, kilichotoka mwaka 1859. Kina vipande sita tu vya mbao iliyokunjwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Siwezi kukitengeneza, kwa kuwa sina vifaa vya kukunjia mbao, lakini kimenizoeza kuhesabu vipande vya kila mchoro wangu na kujiuliza ni kipi kinaweza kuondolewa bila kitu kulegea.

Kuhusu kazi ya kuanzia, chagua kigoda, nawe ukitengeneze mara tatu kwa mchoro uleule. Miguu ya kigoda changu cha kwanza ilisimama wima, na kiliyumba kila mtu alipoegemea upande. Cha pili niliitanua miguu kwa digrii 10, kikatulia, ila ndimi za miguu, yaani ncha zinazoingia kwenye matundu ya kikalio, zililegea baada ya miezi michache kwa sababu mbao ya miguu ilikuwa bado mbichi. Cha tatu kiko mezani sasa hivi, na miguu yake imekaa ndani ikikauka tangu mwaka jana.