Re: Nipande nini Kigamboni, ardhi ni mchanga mtupu na maji ya shida?

Mkuu, kwanza achana na hizo ashoki za India, zimenyooka kama nguzo kivuli hamna. Weka mkwaju, ukishashika huo haubembelezi maji, ila uwe mbali na ukuta na shimo la choo maana unakuja kuwa mkubwa balaa. Chini panga mishubiri, ikitoa maua, ndege wale wadogo wa chozi wanakuja wenyewe asubuhi kunyonya, we kaa na chai yako tu uangalie. Na mwarobaini wanaokwambia ni wa kwetu, nao ulitoka hukohuko India. Panda masika yakianza, mwaka wa kwanza mwagilia kiangazi, halafu majani yakidondoka usifagie ukachoma, yarundike kuzunguka mashina lakini yasiguse gome, mchanga ule haushiki maji kabisa.