Re: Kiitikio cha sindimba kwenye akodiani ya vitufe

Ndugu yangu wa Mikindani, unasema mwanzo wa wimbo wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, unaupiga vizuri ila kiitikio kinakukatikia. Vidole havina kosa, shida ni mfuko wa hewa, ule unaousukuma na kuuvuta. Akodiani yako kitufe kimoja kina sauti mbili: ukisukuma hii, ukivuta ile. Kwa hiyo imba kiitikio kwa mdomo, andika S (sukuma) au V (vuta) juu ya kila silabi, kisha bonyeza kitufe cha hewa, kile kinachopitisha hewa bila sauti, ufuate alama hizo kimyakimya, kusukuma na kuvuta tu. Mkono wa kushoto uache kwanza. Mpiga ngoma naye asubiri. Mimi hapa Lindi nilimwingiza wa kwangu mapema mno nikapoteza miezi miwili bure! Halafu akodiani usiiweke dirishani upande wa baharini. Ndimi zake, vile vibamba vinavyotoa sauti, ni za chuma, chumvi inazila.